Kugawana Usukani wa Gari-Nyumba: Mwongozo kwa Wenzi Wawili

Gari-nyumba ni gari lenye kitanda, jiko, tangi la maji na choo, linalokwenda kwa injini yake lenyewe wala halikokotwi kama karavani. Barani Ulaya mengi hujengwa juu ya chasisi za magari ya mizigo kama Fiat Ducato, Ford Transit na Mercedes Sprinter, na mara nyingi wasafiri wake ni wawili, mke na mume. Humo huzuka mazoea ya namna moja: mmoja hushika usukani siku ya kwanza, akaushika na ya pili, hata miaka ikapita na mwenziwe hajawahi kulitoa gari kwenye maegesho.

Mazoea hayo yana hatari mbili. Ya kwanza ni uchovu. Gari-nyumba husukumwa na upepo wa ubavuni, huyumba linapopitwa na lori, na huchukua nafasi ndefu kusimama; saa moja ya kuliendesha humchosha dereva kuliko saa moja ya gari dogo. Ya pili ni dharura. Dereva pekee akishikwa na homa au akiteguka kifundo cha mguu kilomita 1,000 kutoka nyumbani, chombo cha kurudia na mahali pa kulala vyote hukwama kwa pamoja. Kwa hiyo kugawana usukani si lazima kila mmoja aendeshe nusu ya safari. Jambo la lazima ni kwamba kila mmoja aweze kulifikisha gari salama, na wote wawili wajue mapema nani anaendesha wapi na lini.

Leseni, uzito na bima

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba sheria inawaruhusu wote wawili. Kipimo ni uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani uzito wa gari pamoja na watu, maji, gesi na mizigo yote, ambao huandikwa kwenye kibati kilichobandikwa na mtengenezaji. Nchini Uingereza na katika sehemu kubwa ya Ulaya, leseni ya kawaida ya daraja B kwa kawaida humfikisha dereva kilo 3,500. Juu ya hapo, hadi kilo 7,500, huhitajika daraja C1.

Hapo ndipo wenzi wengi hutofautiana bila kujua. Uingereza, waliofaulu mtihani wa gari dogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 walipata C1 pamoja na leseni yao. Waliofaulu baada ya hapo hawana C1 mpaka wafanye mtihani wake. Katika nyumba moja mume anaweza kuruhusiwa kuendesha gari la kilo 4,250 na mke asiruhusiwe, hata akiwa dereva bora kuliko yeye. Umri nao hubadili mambo: leseni ya Uingereza huisha mwenyewe akifika miaka 70, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 3, na anayetaka kubaki na C1 hutakiwa kuleta ripoti ya daktari. Wenzi wanaonunua gari zito wakiwa na miaka 65 huhitaji kufikiria hali itakavyokuwa baada ya miaka mitano. Wanaotaka usukani ubaki wazi kwa wote wawili hufanya vyema kuchagua gari lisilozidi kilo 3,500.

Uzito huo nao hujaa haraka. Lita 100 za maji ni kilo 100, na baiskeli mbili, meza, viti na mitungi ya gesi huongezeka juu yake. Gari lililopakiwa kwa safari lipitishwe kwenye mizani kabla ya kuondoka, kwa sababu faini na lawama humwangukia anayekutwa kwenye usukani, awe ndiye aliyepakia au siye.

Kwa Watanzania na Wakenya wanaotembelea au kuhamia Uingereza, leseni ya nyumbani huruhusu kuendesha magari yasiyozidi kilo 3,500 kwa muda wa miezi 12. Mkazi akipita muda huo hutakiwa awe amepata leseni ya Uingereza. Hivyo mwenzi aliyefika karibuni anaweza kusaidia kuendesha gari la kukodi katika mwaka wake wa kwanza, mradi kampuni ya kukodisha na bima zimkubali.

Bima ndilo jambo la mwisho katika karatasi. Majina yote mawili yaandikwe kwenye bima kabla ya safari, na nchi zote zitakazopitwa zitajwe. Katika gari la kukodi, wote wawili waonyeshe leseni zao siku ya kulichukua. Dereva ambaye hakuandikishwa huhesabiwa hana bima, hata kama alishika usukani kwa kilomita tano tu.

Mwenzi wa pili kulijua gari

Gari-nyumba la kawaida la Ulaya huwa na urefu wa mita 6 hadi 7.5, upana wa mita 2.3 hivi bila vioo, na kimo cha karibu mita 3. Vipimo kamili vya gari husika viandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa mahali ambapo dereva anaviona akiwa ameketi. Mwenye mazoea huvikumbuka. Anayeendesha mara chache huvihitaji hasa dakika ile anapoona kizuizi cha maegesho mbele yake, na vizuizi vingi vya namna hiyo viko karibu mita 2 tu kutoka chini.

Mafunzo yaanze mahali pa wazi na tupu, kama maegesho ya uwanja wa michezo siku isiyo na mechi. Mpangilio unaofaa ni huu:

1. Kurekebisha kiti, usukani na vioo, na kutambua kioo cha juu kinachoonyesha umbali halisi na kile kidogo cha chini kinachopanua mandhari na kufanya vitu vionekane vidogo.
2. Kuondoka na kusimama mara kadhaa, kwanza taratibu, kisha kwa breki kali, ili mguu ujue gari linahitaji nafasi gani.
3. Kukata kona kulia na kushoto huku mwenzi akiwa nje akitazama nyuma. Sehemu inayojitokeza nyuma ya magurudumu ya mwisho huenda upande wa pili wa kona, na inaweza kugonga ukuta ambao dereva alidhani ameshaupita.
4. Kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka, halafu kuingia katikati ya vibao viwili.
5. Barabara ya kawaida kwa nusu saa, halafu barabara kuu, ili dereva mpya apate kupitwa na malori na kuona jinsi gari linavyoyumbishwa.
6. Mji wenye kipilefti na foleni, mwisho kabisa.

Mafunzo haya yasirundikwe siku ya kuondoka. Yafanywe wiki kadhaa kabla, na hatua moja irudiwe hadi mwili uizoee. Pale ambapo mwenzi mmoja kumfundisha mwenziwe huishia kwenye ugomvi, mwalimu wa nje ni fedha iliyotumika vizuri. Uingereza, Caravan and Motorhome Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1907, huendesha kozi za namna hiyo.

Njia za kugawana

Zipo njia nne, na wenzi wengi huishia kuzichanganya.

Njia ya kwanza ni kugawana kwa saa. Kila mmoja huendesha saa mbili, kisha hupumzika. Inafaa kwenye barabara kuu ndefu zisizobadilika, na ina faida ya kuondoa mjadala: saa ikifika, usukani hubadilika. Kasoro yake ni kwamba saa haijui barabara. Zamu inaweza kuisha katikati ya mji au kwenye mteremko wa mlima.

Njia ya pili ni kugawana kwa vipande vya njia. Jioni kabla ya safari wenzi hukaa na ramani, wakaikata njia kwa hali yake: barabara kuu, mji, mlima, kivuko. Kila kipande humpata anayekifaa, na mahali pa kubadilishana huchaguliwa mapema. Hii ndiyo njia bora kwa wenzi wasiolingana uzoefu.

Njia ya tatu ni kugawana kwa siku. Leo wa kwanza, kesho wa pili. Inawafaa wanaosafiri siku fupi za kilomita 150 au 200, kwa sababu anayepumzika hupumzika kweli, na anayeendesha hulizoea gari kwa siku nzima.

Njia ya nne ni kugawana kwa kazi. Mmoja huendesha zaidi, na wa pili huchukua ramani, malipo ya barabara, kupanga mahali pa kulala na kuongoza maegesho. Ni mgawanyo halali, kwa sharti moja: anayeendesha kidogo ashike usukani angalau kipande kimoja katika kila safari, ili ujuzi wake usififie.

Mfano wa njia ya pili ni safari ya wenzi kutoka Uingereza wanaoshuka Calais kwenda Chamonix, chini ya Mont Blanc, umbali wa karibu kilomita 900. Kutoka bandarini kunahitaji dereva aliyetulia na mwenye uzoefu, kwa kuwa ndipo gari linapohama kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia. Kwenye kituo cha kwanza cha mapumziko usukani hubadilika, na mwenzi wa pili huchukua barabara ya A26 kuelekea Reims, ambayo hupita kwenye mashamba ya wazi. Kati ya Reims na Dijon hugawana kwa saa, kisha hulala. Kesho yake, kutoka Dijon, nchi huanza kuinuka. Barabara ya A40 hupita kwenye madaraja marefu juu ya mabonde, na kipande cha mwisho cha kupanda Chamonix humfaa asiyeogopa mlima. Wakiendelea Italia watapita kwenye handaki la Mont Blanc, lenye urefu wa kilomita 11.6, ambako mwendo ni kati ya kilomita 50 na 70 kwa saa na umbali kati ya gari na gari usipungue mita 150. Masharti hayo yanasimamiwa kwa ukali tangu moto wa mwaka 1999 ulioua watu 39 humo. Anayebanwa na hofu ya mahali palipofungika asipangiwe kipande hicho.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi Afrika Mashariki, ambako magari-nyumba ni machache lakini wasafiri wawili wawili hukodi magari ya magurudumu manne yenye hema juu ya paa. Barabara kuu ya kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na wanyama huvuka wakati wowote. Kipande hicho kipangwe mchana na kimpate dereva mwenye subira. Wanaovuka kutoka Tanzania kuingia Rwanda pale Rusumo huhama kutoka kushoto kwenda kulia, nao waamue kabla ya mpaka ni nani atakayeingia na gari upande wa pili.

Kazi ya asiyeshika usukani

Kiti cha pembeni kina kazi, na kazi hiyo haitofautiani sana na ya utingo wa lori la masafa marefu: kuangalia asichoweza kukiona dereva, na kusema kabla ya kuchelewa. Anayeketi hapo huangalia vibao vya kimo na uzito, hutaja njia ya kutokea ikiwa bado mbali, hushika simu na kujibu ujumbe, na hufuatilia kiasi cha mafuta. Ramani ya kawaida ya simu haijui urefu wala kimo cha gari. Kifaa kinachoingizwa vipimo vya gari-nyumba ni bora, na hata hicho macho ya mtu hukisahihisha.

Kwa gari la Uingereza lililo barani Ulaya kazi huongezeka. Usukani wake uko kulia, na katika barabara za kulipia za Ufaransa mashine za tiketi ziko kushoto, kwa hiyo asiyeendesha ndiye anayechukua tiketi na kulipa. Ndiye pia anayeona mbele vizuri pale dereva anapotaka kulipita lori. Anachoruhusiwa kusema ni kile anachokiona: “gari linakuja” au “barabara iko wazi”. Uamuzi wa kupita hubaki kwa dereva.

Maelekezo yawe mafupi na ya namna moja kila mara. “Kipilefti, njia ya pili” yatosha. Habari zisizohusu barabara zingoje mahali penye nafasi. Na kwa kuwa wote wawili ni madereva, kuna jambo la kukubaliana waziwazi kabla ya kuondoka: anayeshika usukani ndiye mwenye kauli juu ya mwendo, na anayeketi pembeni ana haki ya kuomba gari lisimamishwe wakati wowote bila kuulizwa sababu papo hapo. Masahihisho ya uendeshaji yasemwe gari likiwa limesimama. Kumkemea dereva katikati ya kona humpunguzia umakini hasa pale anapouhitaji.

Kurudi nyuma na kuegesha

Ugomvi mwingi wa wenzi hutokea katika mita kumi za mwisho za safari. Dawa yake ni ishara chache zilizokubaliwa. Anayeongoza hushuka, hutazama ardhi, kisha juu, kwa sababu matawi na paa za vibanda hazionekani kwenye kamera ya nyuma. Husimama nyuma upande wa dereva, mahali ambapo anaonekana kwenye kioo, na kamwe hasimami moja kwa moja katika njia ya gari. Mikono miwili ikiinuliwa juu maana yake ni simama, na ishara hiyo haina maana nyingine. Dereva asipomwona anayeongoza, husimama mara moja hata kama kila kitu kinaonekana salama. Kelele hazina kazi: injini huzimeza, na sauti ya juu husikika kama hasira.

Ardhi laini nayo iangaliwe. Magari yaliyojengwa juu ya Fiat Ducato kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele, na kwenye nyasi zenye unyevu magurudumu hayo huteleza upesi. Ni heri kuegesha kwenye sehemu yenye changarawe, au kuhakikisha kwamba gari linaweza kutoka likishuka badala ya kupanda.

Wakati wa kubadilishana

Usukani hubadilishwa mahali halali pa kusimama, breki ya mkono ikiwa imevutwa na injini imezimwa. Anayetoka humwarifu anayeingia kwa maneno machache: mafuta yamebaki kiasi gani, upepo unatoka upande gani, njia ya kutokea inayofuata ni ipi, na kama breki au klachi imeonyesha jambo lolote geni.

Anayeingia ndiye anayelizunguka gari, hata kama mwenziwe amekwishalizunguka. Huangalia kwamba ngazi ya mlangoni imeinuliwa, madirisha ya paa yamefungwa, gesi imefungwa, waya wa umeme umechomolewa, na makabati na mlango wa friji vimekazwa. Kiti kinachozunguka kuelekea sebuleni kihakikishwe kimejifunga kikiangalia mbele. Kisha hurekebisha kiti, mkanda na vioo vyote, na huondoka pale tu anapoona ubavu mzima wa gari kwenye kioo cha kulia na cha kushoto.

Uchovu, dawa na pombe

Kanuni za barabarani za Uingereza hushauri mapumziko ya angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili, na huonya juu ya safari ndefu kati ya saa 6 usiku na saa 12 asubuhi. Usingizi huwa na nguvu tena alasiri, kati ya saa 8 na saa 10, hasa baada ya mlo mzito, na huo ni wakati mzuri wa kubadilishana. Dereva anayesinzia akiwa hana wa kumpokea asimame mahali salama, anywe vikombe viwili vya kahawa na alale kidogo, angalau dakika 15. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio havimwondolei mtu usingizi.

Anayepumzika aweza kusinzia, lakini awe kitini na mkanda wake. Kitanda kisilaliwe gari likiwa linatembea, maana breki moja kali humtupa mtu mbele kama mzigo.

Dawa hubadili zamu kuliko wengi wanavyodhani. Vidonge vingi vya kichefuchefu cha safari, vikiwemo vya hyoscine, huleta usingizi. Vivyo hivyo dawa za zamani za mzio kama chlorphenamine. Aliyezimeza hayupo tena katika hesabu ya madereva wa siku hiyo. Anayesumbuliwa na kichefuchefu mara nyingi hupata nafuu akiendesha mwenyewe, kwa sababu dereva hujua kona kabla mwili haujaisikia. Kumpa sehemu kubwa ya usukani huweza kuwa tiba kuliko kidonge.

Kuhusu pombe, kiwango cha damu kinachoruhusiwa ni miligramu 80 kwa mililita 100 huko England, na 50 Scotland na Ufaransa. Gari lililoegeshwa huweza kuhitaji kuondolewa usiku, mto ukijaa au mwenzi akiugua. Kila jioni awepo mmoja ambaye hakunywa kabisa, na zamu hiyo izunguke.

Mwenzi anayeogopa, na mwenzi anayezeeka

Woga wa kuendesha gari kubwa una sababu, na mara nyingi ni somo la kwanza lililofanyika kwenye njia nyembamba huku mtu akipigiwa kelele. Hutibiwa kwa hatua ndogo: asubuhi ya Jumapili barabara ikiwa tupu, kilomita 20 zilizonyooka, kisha 50. Kumsukuma mtu aingie mjini kabla hajawa tayari humrudisha nyuma. Asiyetaka kabisa kuendesha safari ndefu afikie angalau kiwango cha chini: kuwasha gari, kulitoa kwenye maegesho na kulifikisha hospitali au mji wa karibu kwa mwendo wa polepole.

Upande wa pili yupo dereva wa siku zote ambaye macho au mikono yake haiko kama zamani. Uingereza dereva hutakiwa kuweza kusoma namba ya gari akiwa umbali wa mita 20. Mtoto wa jicho huanza kwa kumsumbua mtu na taa za usiku, naye huweza kuificha hali hiyo kwa kuendesha mchana tu. Mwenziwe ndiye anayeona mapema, na ana wajibu wa kusema kwa upendo na kwa uwazi. Pale ambapo wote wawili wamezoea usukani, kukabidhi vipande vya usiku na vya mlima huwa ni marekebisho ya ratiba, na heshima ya mtu haiguswi.

Mgawanyo uliowafaa wenzi mwaka huu huenda usiwafae mwaka ujao. Mwishoni mwa kila safari ni vyema wakapitia mambo manne: vipande vilivyomchosha kila mmoja, mahali palipozuka ugomvi, tarehe za mwisho za leseni na bima, na ujuzi ambao mwenzi wa pili bado hajaupata. Yatakayojibiwa hapo ndiyo yatakayopanga zamu za safari inayofuata.